Saiklokrosi ya mtumba: juu kidole gumba, pembeni penseli

Zamani kontena la baiskeli za mtumba likifunguliwa hapa Dar es Salaam, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo ziliitwa zote "resi" na biashara ikaishia hapo. Siku hizi wauzaji wamejifunza maneno. Hii ni resi, atakuambia. Ile ni graveli. Na hii hapa, kaka, ni saiklokrosi orijino ya Ubelgiji, kwa kwenda kazini haina mpinzani. Neno moja tu, bei imepanda elfu themanini.

Mimi huenda kazini kwa baiskeli, kutoka Kunduchi Mtongani hadi Mikocheni, kama kilomita 12 kwenda na nyingine 12 kurudi. Mwanzoni watu waliniuliza kama sichoki. Sasa wanaangalia tairi, wanaangalia usukani, halafu wanauliza: hiyo saiklokrosi ni kitu gani hasa, na mtu wa kipato cha kawaida akiinunua atakuwa amepata au amepatwa? Anaweza kupata. Ila sababu anazotoa muuzaji mara nyingi siyo zenyewe, na mambo yanayokuja kukugharimu hayatajwi pale uwanjani makontena yanapofunguliwa.

Tuanze na jina. Kabla ya kuwa baiskeli, saiklokrosi ni mchezo: mbio za majira ya baridi zilizoanzia Ufaransa, ambako mwanajeshi Daniel Gousseau ndiye anayetajwa kuandaa mashindano ya kwanza ya taifa mwaka 1902. Mbio za ubingwa wa dunia zilianza Paris mwaka 1950, na leo mchezo huu una mashabiki wake wakubwa Ubelgiji, watu wanaosimama kwenye tope na mvua Jumapili nzima kuutazama. Njia yake ni mzunguko mfupi wa kilomita 2.5 hadi 3.5 wa majani, mchanga, matope na ngazi, na njiani huwekwa mbao za kumlazimisha mpandaji ashuke, abebe baiskeli begani, akimbie, arukie tena juu. Wanaume wa daraja la juu hushindana kwa muda wa kama saa moja, basi.

Hiyo saa moja ndiyo iliyoiumba baiskeli yenyewe. Fremu imeacha nafasi kubwa kuzunguka tairi ili tope lisigande likazuia gurudumu. Kanuni za mchezo zinataka tairi isizidi milimita 33, kwa hiyo si nene kama ya baiskeli ya milimani, lakini ni pana kuliko ya resi. Waya za breki na gia kwenye nyingi za zamani hupita juu ya bomba la juu la fremu, zisikukwaruze bega unapoibeba. Na baadhi hazina hata matundu ya kufungia chupa ya maji, kwa kuwa nani atakunywa maji katikati ya vita vya saa moja?

Mtu wa mpira atanielewa nikisema hivi. Resi ni viatu vya mwanariadha wa mita 100. Baiskeli ya milimani ni buti. Saiklokrosi ni njumu. Njumu ni kiatu kizuri sana, chepesi, kinashika ardhi, na ukitaka unaweza kwenda nacho dukani, lakini hakikutengenezwa kwa ajili ya duka. Graveli ni raba ya kawaida ya mazoezi: ilikuja baadaye, ikachukua umbo la saiklokrosi na kuongeza vile ambavyo mtu wa safari ndefu za vumbi anavihitaji, yaani tairi pana zaidi, matundu ya mizigo na gia nyepesi za mlima. Hao ndio ndugu wanaochanganywa sana. Wenzetu Wakenya wanazijua graveli vizuri, maana tangu 2021 kuna mbio za siku nne, Migration Gravel Race, zinazokatisha eneo la Maasai Mara.

Sasa kwa nini mtu wa Dar ajisumbue na njumu? Kwa sababu graveli ni ya kisasa na bei yake bado inauma hata ikiwa mtumba, ilhali saiklokrosi za miaka ya 2008 hadi 2016 hivi zimezeeka Ulaya, wenyewe wamehamia kwenye graveli, na zile za zamani ndizo zinazoingia kwenye makontena. Unapata fremu nzuri kwa bei ya kitu kilichopitwa na fasheni. Barabara zetu nazo ziko hivyo hivyo: lami, kisha mchanga wa pembeni, kisha kipande cha vumbi chenye mashimo kabla ya kufika kwako. Tairi ya resi ya milimita 25 huko inazama kama kisu kwenye siagi. Tairi ya milimani inapita, lakini kwenye kilomita zako kumi za lami unaburuta mzigo usiokuhusu.

Kwa hiyo ukifika uwanjani, usianze kwa kuuliza jina. Anza na kidole. Pitisha kidole gumba kati ya juu ya tairi na fremu, mbele kwenye foku na nyuma karibu na breki. Kisha chukua penseli, uione kama inapita pembeni, kati ya ubavu wa tairi na mabomba ya fremu. Juu kidole gumba, pembeni penseli: hapo kuna nafasi ya kuweka tairi ya milimita 35 na bado ukafunga madigadi. Kama kidole kinakwama, unachouziwa ni resi iliyovalishwa tairi yenye mabonge. Nimeziona mbili za namna hiyo, na moja ilikuwa na stika ya saiklokrosi iliyobandikwa hapa hapa mjini.

Kuhusu tairi nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoliwa.

Ubavuni mwa kila tairi kuna namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 35-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha sehemu ya rimu ambayo tairi inakalia. Hiyo ya pili ndiyo kitambulisho. Mengine yote, 28, 29, 700, ni majina ya utani. Watu wengi wanaamini kuwa baiskeli "ya 28" ni ya 28 na "ya 29" ni kubwa zaidi. Siyo. Saiklokrosi, resi na baiskeli ya milimani inayoitwa 29 zote zinatumia rimu ya 622. Wakati huo huo ile Foniksi ya babu, ambayo nayo inaitwa 28, ni 635. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi ya Foniksi haikai kwenye rimu ya saiklokrosi hata ukiibembeleza, na hiyo ya Foniksi ndiyo utakayoikuta kila duka. Kwa hiyo kabla ya kununua baiskeli, zunguka kwanza kwenye maduka unayoyajua, uliza nani ana tairi ya 622 ya upana wa 32 hadi 38. Ukikosa kabisa mtaani kwenu, ujue kila tairi utaifuata mjini.

Halafu kuna valvu. Tyubu za baiskeli hizi mara nyingi huja na valvu nyembamba yenye kichwa cha kufungua kwa vidole, isiyoingia kwenye pampu ya fundi wa bodaboda. Suala ni dogo: kuna kiunganishi cha shaba kinachotosha kwenye ncha ya kidole, unakifunga juu ya valvu na pampu yoyote inaingia. Nunua viwili, kimoja kitapotea. Usimruhusu mtu kutoboa rimu ili valvu nene ya gari ipite. Rimu zenyewe ni nyembamba, na tundu likipanuka unapunguza nguvu yake mahali ambapo haitakiwi kupungua.

Sasa kuliwa kwangu. Saiklokrosi yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi ajabu. Unainyanyua kwa vidole viwili. Muuzaji akaniambia magurudumu hayo ni ya mashindano kabisa, na kusema kweli hakudanganya. Wiki ya pili nikapata pancha karibu na Makonde, nikaikokota hadi kwa fundi aliyekuwa chini ya mwarobaini na beseni lake la maji. Akachomeka vyuma vyake viwili kutoa tairi. Haikutoka. Akaongeza cha tatu. Ilipotoka ilitoka nzima, kama gamba la nyoka, na nyuma yake ikaacha utando wa gundi ya kahawia kwenye rimu. Fundi akaigeuza, akatafuta mahali pa kuchomolea tyubu, hakuna. Tairi ilikuwa imeshonwa chini kwa uzi mwanzo hadi mwisho, tyubu ikiwa ndani kama mchele kwenye gunia. Akanitazama. "Bosi, hii ni ya kushona au ya kuziba?"

Hizo zinaitwa tairi za kugundisha, na washindani wa saiklokrosi wanazipenda kwa sababu unaweza kuzijaza upepo kidogo sana bila tyubu kubanwa na rimu. Kwa mtu wa kwenda kazini ni balaa. Na ubaya wake hauishii kwenye tairi: rimu yake haina kuta za kushikilia tairi ya kawaida, kwa hiyo suluhisho ni kununua magurudumu mengine. Namna ya kuzitambua ni rahisi ukishajua. Sukuma tairi pembeni kwa dole gumba pale inapokutana na rimu. Ukiona ukingo wa chuma na mdomo wa tairi umeingia ndani yake, ni ya kawaida. Ukiona kitambaa na mabaki ya gundi, na rimu imebonyea kama mfereji usio na kuta, mrudishie baiskeli yake, au mpe bei ya fremu peke yake.

Na upepo ujaze kiasi gani? Mafundi wetu wana imani moja: tairi iwe jiwe. Imani hiyo ilitokana na baiskeli za kubeba magunia ya mkaa, na huko ina maana. Lakini mwendesha baiskeli peke yake kwenye tairi ya 35 hapati mwendo kwa kuijaza hadi iwe jiwe. Juu ya barabara yenye kokoto, tairi ngumu inarukaruka, na kila mruko ni nguvu yako inayopotea kwenda juu badala ya mbele. Tairi laini kidogo inalikumbatia jiwe na kulipita. Mimi nina kilo 74, najaza 50 kwa kipimo cha psi nyuma na 45 mbele. Mwenye kilo 90 aongeze. Kile kinachosemwa kwamba tairi nyembamba ndiyo yenye mwendo kina ukweli wake kwenye uwanja laini wa mashindano. Kwenye barabara yangu ya Mtongani ni hadithi.

Breki ndizo zinazozua ubishi mwingi vijiweni, na kila mmoja anasema diski. Hebu tuzitenganishe. Zipo za rimu, ambazo mipira miwili inabana ubavu wa gurudumu, na kwenye saiklokrosi za zamani zinakuja na mikono miwili iliyotanuka pembeni kama mabawa, waya ukizivuta kutoka katikati. Zipo za diski za waya: sahani ya chuma katikati ya gurudumu, inabanwa na vipande viwili, lakini kinachovuta ni waya ule ule wa kawaida. Na zipo za diski za mafuta, ambapo ndani ya mpira mwembamba kuna mafuta yanayosukuma, kama kwenye gari. Chama cha baiskeli duniani kiliruhusu diski kwenye saiklokrosi mwaka 2010, ndiyo maana za kabla ya hapo karibu zote utazikuta na mabawa.

Yale mabawa yana sifa mbaya, na kwa kiasi fulani wanastahili lawama waliozitengeneza. Zinapiga kelele, na zikirekebishwa vibaya hazisimamishi kitu. Lakini mipira yake ni rahisi, na fundi yeyote anaijua baada ya kuitazama dakika tano. Diski za mafuta zinasimamisha vizuri kupita zote. Siku zikivuja, hata hivyo, unahitaji mafuta sahihi, na hapa lazima ujue kampuni iliyotengeneza breki: Shimano wanatumia mafuta ya madini, wakati SRAM kwa sehemu kubwa wanatumia mafuta ya breki ya aina ya yale ya magari. Ukimimina moja mahali pa lingine, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa. Kabla ya kuinunua, tafuta kwanza fundi mwenye vifaa vya kutoa upepo kwenye breki hizo. Diski za waya ndizo ninazozipendekeza kwa mtu wa mvua za masika: waya unapatikana popote, na sahani haijali rimu ikiwa na tope au ikiwa imepinda kidogo. Ukienda kununua vipande vyake vya kubana, beba kile kilichochakaa mkononi, kwa kuwa viko vya maumbo mengi na jina halitakusaidia dukani.

Ahadi moja uikatae palepale. "Nunua tu hii, fundi atakuwekea diski." Hawezi. Foku na fremu zisizokuwa na masikio ya kufungia diski hazina pa kuifungia, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, nayo lazima iwe na sehemu ya kushikia sahani. Ndugu yake wa ahadi hiyo ni kuchukua breki za mikono mirefu za baiskeli ya milimani na kuzifunga kwa vishikio vya usukani wa pembe za kondoo. Vishikio vile huvuta waya kidogo, na breki zile hutaka waya mwingi, karibu mara mbili. Matokeo yake unaminya mpaka kishikio kinagusa usukani na baiskeli ndiyo kwanza inafikiria kupunguza mwendo.

Kwenye gia, hesabu ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Gawa meno ya sproketi ya mbele kwa meno ya ile ya nyuma. Mbele 46, nyuma 23, unapata 2: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili. Gurudumu la saiklokrosi lenye tairi ya 35 lina mzingo wa mita 2.17 hivi, kwa hiyo umesogea mita 4.3. Mbele 36, nyuma 28, unasogea chini ya mita 2.8, miguu inapumua, na hiyo ndiyo gia ya kupandia na mzigo. Hizo 46 na 36 za mbele ni za kawaida sana kwenye saiklokrosi, na kwa mji wa tambarare kama Dar zinatosha kabisa. Wewe unayeishi Mwanza kwenye vilima vya mawe, au Lushoto, hesabu yako ni nyingine. Tafuta nyuma iwe na sproketi kubwa ya meno 32 au 34 ikiwa kihamisha cheni kinaifikia.

"Ina gia 27" si sifa. Nyingi kati ya hizo 27 zinarudia mita zile zile. Cha kuangalia ni idadi ya sproketi za nyuma, kwa sababu ndiyo inayoamua bei ya vipuri. Kadiri sproketi zinavyoongezeka nyuma, cheni inakuwa nyembamba na ghali. Kwa Shimano za miaka hiyo, kundi la vipuri liitwalo Claris lina 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 9 au 10, na lile liitwalo 105 hadi 11. Muuzaji atakuonyesha 105 kwa fahari. Mwache aone fahari. Mtu wa bajeti achukue 8 au 9.

Cheni yenyewe ipime, usiulize. Chukua futi kamba ya fundi cherehani au ya chuma, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, hesabu inchi 12. Kwenye cheni nzima, pini nyingine itaangukia juu ya alama ya 12 barabara. Ikiwa imeipita kwa milimita tatu hivi, cheni imekwisha na kwa kawaida imekwenda na sproketi zake, kwa hiyo unanunua vyote. Hakuna ubaya, ingiza kwenye mapatano ya bei.

Fremu za chuma, alumini au kaboni? Beba sumaku ndogo mfukoni. Ikinata, ni chuma, na chuma kizuri kikipasuka kuna fundi wa kuchomelea atakayekiunga. Alumini ikipasuka siyo kazi ya fundi wa mageti, na hata ikiungwa vizuri sehemu ile inabaki dhaifu. Kaboni ya mtumba sitaigusa: ufa unaweza kuwa chini ya rangi usiuone, mpaka siku utakapouona vizuri sana. Alumini isiyo na ufa ni sawa kabisa, nyingi ndizo zitakazokuwepo, na haina kutu. Chunguza kwenye maungio, hasa shingoni na chini kwenye pedeli, na mahali ambapo rangi imepasuka kwa mstari mwembamba. Sisi wa karibu na bahari tuna jambo letu la ziada: bomba la siti la alumini ndani ya fremu ya chuma, likikaa miaka bila grisi, chumvi huliunganisha na fremu likawa kitu kimoja. Mwambie muuzaji alegeze bolti na apandishe siti mbele yako. Akiishia kutoa jasho, siti itabaki kwenye urefu wa Mholanzi aliyeiacha hapo.

Na Waholanzi, tukumbuke, ni miongoni mwa watu warefu zaidi duniani. Fremu hupimwa kwa sentimita za bomba lake la wima, lile ambalo bomba la siti linaingia, na makontena yamejaa 58 na 60. Mtu wa sentimita 170 hadi 175 mara nyingi huangukia 52 hadi 54. Simama juu ya bomba la juu miguu ikiwa chini. Usipopata nafasi ya vidole viwili kati yako na bomba, ni kubwa. Siti unaweza kuishusha. Urefu wa fremu kwenda mbele huwezi kuufupisha, na baiskeli inayokunyoosha kama unafikia sufuria ya rafu ya juu itakuumiza mgongo na shingo hata kama waliipunguza bei.

Matundu ya keria na madigadi nimeyaacha kwa makusudi mpaka sasa, kwa kuwa ndiyo watu huyasahau. Njumu ya mashindano haina. Saiklokrosi iliyotengenezwa ikimfikiria pia mtu wa kazini inayo: angalia karibu na ekseli ya nyuma na juu kwenye mabomba membamba yanayoshuka kutoka kwenye siti, utaona vitundu vyenye hesi. Bila keria utabeba begi mgongoni, na kwa joto la Januari utafika ofisini na ramani ya Afrika kwenye shati. Ipo njia ya pete za kubana fremu, nimeitumia, inafanya kazi kwa mizigo midogo ila hulegea. Bila madigadi masika yatakuandika mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni. Watu hucheka madigadi kwenye baiskeli ya spoti. Wacheke.

Kuhusu suspensheni sina maneno mengi. Saiklokrosi haina, na zile foku za kudunda za bei ya chini ni kilo za bure.

Ya pili niliyonunua, baada ya ile ya gundi, nilikwenda na futi kamba, sumaku, penseli na karatasi. Alumini, 54, diski za waya, 9 nyuma, matundu yote yapo. Tairi zilikuwa na nyufa ubavuni, cheni imepita alama, waya wa breki ya nyuma umekauka. Nikaandika mbele ya muuzaji: tairi mbili 90,000, cheni na sproketi 75,000, waya na vipande vya breki 20,000, madigadi 25,000, keria 30,000. Jumla 240,000. Yeye alikuwa amesema laki nne. Akaichukua karatasi, akaisoma yote, akasema keria na madigadi si tatizo la baiskeli yake, hayo ni mapenzi yangu. Nikaona ana hoja, nikayafuta. Tukabaki na 185,000.

Akaomba nizungushe kwanza. Nikamwachia simu, nikatoka nayo hadi kwenye kipande cha kokoto nyuma ya uwanja, nikaachia mikono sekunde mbili kuona kama inavuta upande mmoja, nikabana breki ya mbele nikiwa nimesimama na kuitikisa mbele na nyuma kusikia kama beringi za shingo zinagonga. Kimya. Nikashika mikono ya pedeli nikaisukuma kushoto na kulia, nayo haikucheza.

Nilipomrudishia tukakubaliana 360,000. Akaongeza kengele.